Kupunguza Unga wa Samaki Kwenye Chakula cha Samaki: Mwongozo Kamili wa Protini Mbadala

Kosa la mfugaji anayetaka kuachana na unga wa samaki huanzia kwenye mizani. Anatoa kilo 20 za unga wa samaki kwenye mchanganyiko, anatia kilo 20 za mashudu, anakoroga, anakausha, anamwaga bwawani. Wiki ya kwanza samaki wanakula kwa kusitasita. Mwezi wa pili unakwisha na samaki ni walewale. Lawama zinaiangukia soya, au alizeti, au funza, ilhali kilichokosewa ni hesabu na maandalizi.

Unga wa samaki unaweza kupunguzwa sana. Kwa samaki wanaokula kila kitu, kama sato na kambare waliokwisha kuvuka uchanga, unaweza kubaki kiasi kidogo tu cha kunogesha chakula. Na ipo sababu ya kuhangaika: kilo 1 ya unga huo hula kilo 4 hadi 5 za samaki wabichi. Tena upatikanaji wake unategemea bahari, na bahari hubadilika. Peru, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa aina ya anchoveta mwaka 1970. El Niño, yaani bahari kupata joto isivyo kawaida, ilipokuja juu ya uvuvi uliokwisha kupita kiasi, mwaka 1973 Peru haikufikisha hata tani milioni 2. Bei ikapaa dunia nzima.

Kama unadhani jambo hili ni la mabwawa madogo tu, tazama samoni wa Norwei, samaki mla nyama. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula chake ilitoka baharini. Kufikia 2013 sehemu hiyo ilikuwa chini ya theluthi.

Hatua ya 1: Jua unachokitoa

Samaki hahitaji protini kwa jina lake. Anahitaji asidi amino, yaani vipande ambavyo protini imejengwa navyo, na kila kimoja kwa kiasi chake. Kimoja kikipungua, vingine vyote vinasubiri, kisha vinachomwa kama nishati na mabaki yake yanatoka majini kama amonia. Umelipia protini, umepata maji machafu.

Viwili vya kuchunga kwanza ni laisini na methionini. Unga wa samaki wenye protini asilimia 60 hadi 65 una laisini kama asilimia 4.5 na methionini kama 1.6. Mashudu ya soya yana laisini kama 2.8, lakini methionini 0.6 tu. Mashudu ya alizeti yana methionini nzuri kwa kiwango cha mimea, laisini ndiyo haba. Hapo unaona kwa nini viungo viwili vinavyofidiana hushinda kimoja kilicho bora, na kwa nini sikushauri kamwe kubadilisha unga wa samaki kwa kiungo kimoja.

Unga wa samaki unaleta na mambo mengine ambayo hayaonekani kwenye lebo ya protini: fosforasi inayosagika tumboni, mafuta ya omega-3, taurini ambayo mimea haina, na ile harufu inayomfanya samaki aje juu kabla tembe ya chakula haijazama. Ukiutoa, kila kimoja cha hivyo lazima kipatiwe njia nyingine. Samaki wengi wa baharini wanaokula nyama wanadhoofika wakikosa taurini. Sato na kambare shida yao kubwa ni methionini, fosforasi na hamu ya kula.

Hatua ya 2: Mjue samaki wako na umri wake

Sato wa kukuzia hutosheka na chakula chenye protini asilimia 28 hadi 32. Ndani yake lenga laisini kama asilimia 1.6 ya chakula chote na methionini kama 0.7. Kambare wanahitaji zaidi, asilimia 32 hadi 40 kulingana na ukubwa. Vifaranga wa aina zote mbili wanataka 40 na kuendelea.

Usianzie majaribio kwa vifaranga. Utumbo wao haujakomaa, wanakula kidogo sana kwa mlo, na wanakua haraka mno kuweza kuvumilia upungufu wa wiki mbili. Wazazi wa mbegu nao waache na chakula chao kizuri. Anza na samaki waliofika gramu 50 hivi. Hao wana nafasi ya kukusamehe.

Hatua ya 3: Chagua viungo na kuviandaa

*Soya.* Hii ndiyo nguzo ya karibu kila mchanganyiko usio na unga wa samaki mwingi. Mashudu yake yana protini asilimia 44 hadi 48, na soya nzima yenye mafuta yake kama 36 hadi 38. Ila soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani vitu vinavyokizima kimeng'enya ambacho samaki anakitumia kusaga protini. Samaki anakula, anashiba, na protini inapita kama ilivyoingia. Dawa yake ni joto.

Ukiwa na soya nzima, iloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha ichemshe kwa dakika 30 kuanzia maji yanapotokota, uikaushe na kuisaga. Ukipendelea kukaanga, koroga bila kusimama hadi ganda lianze kupasuka na punje iwe rangi ya hudhurungi hafifu. Vunja punje uitazame ndani: iwe njano ya kahawia mpaka katikati, isibaki na kiini cheupe. Itafune. Soya isiyoiva ina ladha ya majani mabichi na uchungu unaobaki kooni. Iliyoiva inanukia kama karanga. Iliyoungua ni hasara ya aina nyingine, maana joto kali huifunga laisini na sukari, na laisini iliyofungwa hivyo samaki haipati tena.

Kuna kipimo rahisi ambacho kila mchanganyaji wa chakula anapaswa kukijua. Chukua vijiko viwili vya unga wa soya, tia kijiko kimoja cha mbolea ya urea na maji ya kulowesha, funga kwenye chupa ya mdomo mpana kwa nusu saa. Fungua na unuse. Harufu kali ya amonia inakuambia soya bado mbichi: kimeng'enya kinachoivunja urea hufa kwenye joto karibu sawa na vile vizuizi, hivyo kikiwa hai na vyenyewe vipo. Bila harufu, soya yako imeiva. Mwaga mchanganyiko huo mbali; usirudishe hata chembe kwenye chakula.

Samoni na trauti huvimba utumbo wakila soya nyingi hata iliyopikwa. Sato na kambare wanaivumilia vizuri zaidi, na mimi huiruhusu ifike asilimia 30 hadi 35 ya chakula.

*Funza wa nzi askari mweusi.* Huyu ndiye Hermetia illucens, na kwa mfugaji mdogo naona ndiye mbadala wenye matumaini makubwa kuliko yote, kwa kuwa unaweza kumzalisha mwenyewe kwa mabaki ya matunda, mboga, pumba na machicha. Nzi mzima hasumbui jiko wala choo. Anaishi siku chache, anapandana kwenye mwanga, na jike hutaga mayai kama 500 kwenye mianya mikavu iliyo juu ya chakula kinachochacha. Mayai yanaanguliwa baada ya siku 4 hivi. Funza hula wiki mbili hadi tatu kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30, mradi chakula chao kiwe na unyevu wa asilimia 60 hadi 70. Kishike mkononi ukikamue: yatoke matone machache tu. Kikichuruzika maji, funza watapanda kuta na kukimbia.

Wavune wakiwa bado weupe wa maziwa. Wakigeuka weusi wameanza kujenga ganda gumu, na ganda hilo ni kitini, kitu ambacho samaki hakisagi vizuri. Wachekeche, waoshe, watumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha uwakaushe kwenye joto la nyuzi 60 hivi hadi wavunjike kwa kidole kwa mlio mkavu. Wakikauka wana protini ya kama asilimia 40 hadi 44 na mafuta robo hadi theluthi ya uzito. Mafuta hayo ndiyo yanayosumbua kwenye kusaga, kwani unga unageuka uji na kuchacha mapema. Ukiweza, wakamue kwa mashine ya kukamulia mafuta kabla ya kusaga.

Mambo mawili ya tahadhari kuhusu funza. Maabara hupima nitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25 kupata protini. Lakini sehemu ya nitrojeni ya funza iko kwenye kitini, kwa hiyo kizidishio kilicho karibu zaidi na ukweli ni kama 4.76. Protini ya kwenye karatasi basi imevimbishwa, na ni busara kuipunguza unapopiga hesabu. La pili, funza hukusanya kadmiamu, metali yenye sumu, kutoka kwenye wanachokula. Usiwalishe taka zilizochanganyika na mabaki ya viwandani, betri au majivu ya takataka. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha samaki kuanzia tarehe 1 Julai 2017, lakini kwa sharti kwamba wadudu wenyewe wasilishwe kinyesi wala mabaki ya mezani.

*Mashudu ya alizeti.* Protini yake inategemea maganda: yenye maganda mengi hushuka chini ya asilimia 30, yaliyokobolewa hukaribia 40. Nyuzinyuzi ndizo kikomo. Yachekeche kwa chekecheo laini na utumie kilichopita.

*Mashudu ya pamba* yana gosipoli, sumu inayodhoofisha ukuaji na uzazi na kuifunga laisini. Yakae chini ya asilimia 10, na wazazi wa mbegu wasiyaonje.

*Mashudu ya karanga* samaki wanayapenda sana, na protini yake ni asilimia 45 na zaidi. Hofu yangu ni sumukuvu. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu, na miaka hiyohiyo trauti kwenye vituo vya kuzalishia vya Marekani walikutwa na uvimbe wa saratani kwenye ini. Chanzo kilikuwa mashudu ya pamba yenye sumu ileile. Kupika hakuiondoi. Karanga iliyoota ukungu, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo haina matumizi bwawani, hata kwa kuchanganya kidogo.

*Unga wa damu* una protini asilimia 80 hadi 90 na laisini tele, lakini isolusini na methionini yake ni duni, na samaki wanauchoka. Asilimia 5 inatosha. Ichemshe damu mbichi hadi igande yote, ikamue, ianike tabaka jembamba. Moto mkali wa kukaushia huiharibu laisini ileile uliyoifuata. Unga wa mabaki ya kuku uliopikwa vizuri ni bora kuliko damu kwa mizani ya asidi amino. Manyoya yana protini nyingi ya kuhesabika tu: bila kuvunjwa kwa mvuke na shinikizo hayasagiki. Kwa viungo vyote vya wanyama, fuata sheria za nchi yako. Ulaya ilivipiga marufuku mwaka 2001 kwa sababu ya kichaa cha ng'ombe, na ikavirudisha kwa chakula cha samaki mwaka 2013, ila vile visivyotoka kwa wanyama wacheuao.

*Majani na mimea ya majini.* Azola, lemna, majani ya mlonge, mihogo na lusina husifiwa kupita uwezo wake. Azola mbichi ni maji zaidi ya asilimia 90. Kilo 10 zinakauka na kubaki chini ya kilo moja yenye protini kama robo. Ni nyongeza nzuri kwa sato, hasa ikiwa inaota kwenye maji safi. Majani ya mihogo yana sianidi, yakatekate na kuyaanika hadi yakauke kabisa. Lusina ina mimosini, sumu nyingine. Yote haya yasizidi asilimia 5 hadi 10.

Hamira iliyokaushwa ya viwanda vya bia, yenye protini asilimia 40 na ushei, ni kiungo kizuri nikikipata kikiwa kikavu. Ikija mbichi huchacha ndani ya siku moja.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kupima

Kanuni ni nyepesi: zidisha kilo za kila kiungo kwa asilimia yake, gawanya kwa 100, jumlisha. Fanya hivyo kwa protini, kisha urudie kwa laisini na kwa methionini. Wengi hukomea kwenye protini, ndipo wanapopotea.

Huu hapa mchanganyiko wa kilo 100 kwa sato wa kukuzia:

- Unga wa samaki (protini 60%): kilo 5
- Mashudu ya soya yaliyoiva (45%): kilo 32
- Mashudu ya alizeti (32%): kilo 12
- Unga wa funza (42%): kilo 12
- Unga wa mahindi (9%): kilo 22
- Pumba laini za ngano (12%): kilo 13
- Mafuta: kilo 1.5
- DCP (fosfeti ya kalsiamu, chanzo cha fosforasi): kilo 1.3
- Vitamini na madini: kilo 1
- Methionini ya dukani: gramu 200

Protini inakuja 3.0 kutoka unga wa samaki, 14.4 soya, 3.8 alizeti, 5.0 funza, 2.0 mahindi na 1.6 pumba: jumla 29.8. Laisini inagota karibu 1.65, inatosha bila kuongeza chochote. Methionini ya viungo vyenyewe ni kama 0.52. Inahitajika 0.7. Zile gramu 200 ndizo zinazoziba pengo hilo, na ndizo pesa zenye faida kubwa kwenye orodha nzima. Bila hizo, sehemu nzuri ya soya uliyonunua inaishia kuwa amonia.

Takwimu hizi za viungo ni za kawaida, na mzigo wako unaweza kutofautiana nazo. Ukiweza kupima maabara, pima. Na ujue kipimo cha nitrojeni kinadanganyika: mwaka 2007 huko Marekani iligundulika kwamba bidhaa za ngano zilizoagizwa China zilitiwa melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, ili protini ionekane kubwa, na zikafika hadi kwenye chakula cha samaki. Muuzaji anayetia urea anafanya jambo lilelile. Onja, nusa, tia kijiko kwenye glasi ya maji utazame kama mchanga unatua chini.

DCP ipo kwa sababu sehemu kubwa ya fosforasi ya mimea, kama theluthi mbili, imefungwa ndani ya faiteti ambayo samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Isiposagwa inapita hadi bwawani na kulisha mwani. Kimeng'enya cha faitesi husaidia, lakini kitie baada ya joto la kutengeneza tembe, maana joto kali hukiua.

Hatua ya 5: Saga, funga, kausha

Saga laini, ipite kwenye chekecheo la nusu milimita. Vitu vya gramu chache, yaani methionini na vitamini, vichanganye kwanza na kilo moja ya unga wa mahindi, kisha kilo tano, kisha mzigo wote. Ukivimwaga moja kwa moja, samaki mmoja atapata vyote na mia hawatapata kitu.

Chukua sehemu ya ule unga wa mahindi uupike uji mzito, uuchanganye ungali moto ili ushike tembe. Viungo vya mimea havishikani kama unga wa samaki, na methionini ya dukani inayeyuka haraka majini, kwa hiyo tembe inayovunjika inakupotezea kile ulichonunua. Ipime: dondosha tembe tano kwenye glasi ya maji, subiri dakika 10. Zikibaki na umbo na ukiminya moja inalainika bila kusambaa, uko sawa. Maji yakiwa ya maziwa, ongeza uji au usage laini zaidi.

Kausha kivulini penye upepo, tembe zitandazwe tabaka moja, hadi unyevu uwe chini ya asilimia 10. Tembe kavu inakatika kwa mlio. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, utumie ndani ya miezi miwili. Mafuta ya funza hayasubiri zaidi.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuamini

Tenga vizimba vidogo vya wavu ndani ya bwawa lilelile, vitatu vya chakula cha zamani na vitatu vya kipya. Idadi sawa, ukubwa sawa. Pima uzito mwanzoni na kila wiki mbili, kwa wiki 8. Chakula kipya kiingie polepole kwa siku 10: robo, nusu, robo tatu, chote.

Siku ya kwanza simama ukingoni utazame midomo. Samaki akiichukua tembe, akaitema, akaichukua tena, ladha haijamridhisha. Ongeza unga wa samaki hadi asilimia 7 au nyunyizia mafuta ya samaki kidogo juu ya tembe zilizokauka. Mara nyingi hilo linatosha.

Mwisho gawanya kilo za chakula kwa kilo za uzito ulioongezeka. Huo ndio uwiano ambao wafugaji huuita FCR. Chakula kilo 54 kikiongeza kilo 36, uwiano ni 1.5. Sasa sema chakula kipya ni nafuu kwa robo, lakini uwiano umepanda hadi 2.1. Zidisha 2.1 kwa 0.75 upate karibu 1.58. Kilo ya samaki imekugharimu zaidi kuliko zamani, pamoja na unafuu wote wa gunia.

Hatua ya 7: Punguza tena, kidogo kidogo

Jaribio likifaulu, ndipo uhamishie bwawa zima, na kila mzunguko ushushe unga wa samaki kwa hatua moja. Kila unapovua kupima, tazama mapezi ya mkia: kingo zilizolika bila jeraha la kuumwa zinaashiria laisini haitoshi. Macho yenye utando mweupe ni alama ya methionini, inayojulikana sana kwa trauti na samoni. Fuvu na uti uliopinda huelekeza kwenye fosforasi. Samaki mmoja wa namna hiyo kati ya mia si kitu; watano kwenye wavu mmoja, rudi kwenye mchanganyiko uliotangulia siku hiyohiyo, na ufungue tena daftari la hesabu uanzie mstari wa methionini.